Mshipa Uliobebeshwa: Upasuaji wa Moyo na Kazi Inayobaki Nyumbani

 

Marehemu baba yangu alilima kahawa Mbinga. Siku za kubebesha miche alinipa kazi moja tu: kubeba vikonyo, vile vijiti vilivyokatwa kwenye miti iliyozaa vizuri, vikiwa vimeviringishwa katika kitambaa kibichi. Nilikatazwa kuvifinya, kuvichubua na kuviacha juani. Mche uliponyauka, baba hakuanza kulaumu kisu. Aliuliza kikonyo kilishikwaje, kisha akauliza nani alikuwa na zamu ya kumwagilia.

Leo nawaletea maswali yake hayo mawili, ila mti wangu ni moyo wa binadamu.

Moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima, lakini nao unahitaji damu yake. Huipata kupitia ateri ndogo zilizoutambalia kwa nje. Ateri hizo zikizibwa na utando wa mafuta, mtu hubanwa kifua anapopanda mlima, na mwishowe sehemu ya moyo inaweza kufa. Kwa baadhi ya wagonjwa tiba bora ni kuchukua mshipa mahali pengine mwilini na kuupandikiza, ili damu ipite kando ya kizuizi. Mwaka 1967, René Favaloro, daktari kutoka Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, alianza kutumia kwa kazi hiyo vena ndefu ya mguuni, na njia yake ikaenea duniani.

Hapa kwetu Tanzania, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Hospitali ya Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Upandikizaji wa mishipa, ambao zamani uliwapeleka Watanzania India, sasa unafanyika Dar es Salaam. Ni hatua kubwa, nami naiheshimu kwa moyo wote. Lakini mgonjwa wa Songea akitoka pale, ana safari ya zaidi ya kilomita 900 kurudi nyumbani. Nani atautunza ule mshipa huku?

Nauliza kwa sababu mshipa si bomba. Vena ya mguuni imezoea damu inayorudi polepole kwa msukumo mdogo. Ina vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, hivyo mpasuaji huigeuza juu chini ili visiizuie damu. Ghafla inapokea msukumo wote wa ateri, na ukuta wake mwembamba unastuka. Katika mwezi wa kwanza hatari kubwa ni damu kuganda ndani yake. Katika mwaka wa kwanza ukuta hunenepa kwa ndani, na njia hupungua. Miaka inayofuata, mafuta yaleyale yaliyoziba ateri za mwanzo huanza kujijenga humo. Ndiyo maana baada ya miaka 10 karibu nusu ya vena zilizopandikizwa huwa zimeziba, ilhali ateri ya ndani ya kifua, ikiunganishwa na ateri ya mbele ya moyo, hubaki wazi kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Wapasuaji huitanguliza ateri hiyo. Ila vizuizi vikiwa vitatu au vinne, haitoshi peke yake, na vena ya mguuni huitwa tena kazini.

Turudi kwenye swali la kwanza: kikonyo kilishikwaje? Kwa miaka mingi vena ilimenywa mafuta yanayoizunguka, kisha ikajazwa maji kwa nguvu ili kuona kama inavuja. Kufanya hivyo kunajeruhi utando laini wa ndani, ambao ndio huzuia damu isigande. Huko Örebro, Sweden, Domingos Souza na wenzake waliitoa vena pamoja na mafuta yake, bila kuivuta wala kuijaza kwa nguvu. Baada ya miaka 16, vena 83 katika 100 zilizotolewa hivyo zilikuwa wazi, dhidi ya 64 zilizotolewa kwa njia ya kawaida. Njia hii ina gharama yake, kwani kidonda cha mguu huweza kuchelewa kupona. Lakini inatufundisha kwamba mshipa ni kitu hai tangu dakika unapokatwa.

Wako waliotafuta njia ya mkato. Katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 3,000 huko Marekani, vena zilitiwa dawa ya kuzuia kunenepa kabla ya kupandikizwa. Matokeo yalipotolewa mwaka 2005, dawa haikuwa imesaidia. Hakukuwa na maji ya kumwagilia mara moja yakatosha maisha yote.

Hapo linakuja swali la pili, la zamu ya kumwagilia. Aspirini ya dozi ndogo, inayoanzwa mapema baada ya upasuaji, hupunguza kuziba kwa vena. Dawa za kushusha lehemu nazo zimethibitika: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, walioshushwa lehemu mbaya kwa nguvu zaidi waliharibikiwa na asilimia 27 ya mishipa yao iliyopandikizwa, na wenzao walioshushwa kwa kiasi asilimia 39. Ongezeni kuacha sigara, na kudhibiti shinikizo la damu na kisukari.

Adui wetu mkubwa ni nafuu. Kifua kimeacha kubana, mzee anapanda tena kuelekea milima ya Matogoro bila kupumzika, basi anasema amepona, na dawa zinaishia kabatini. Ndugu zangu, nafuu ile ndiyo kazi ya mshipa. Haisemi kwamba mshipa hauhitaji tena kutunzwa. Dawa isiachwe bila daktari kusema. Na asiyepasuliwa asijianzishie aspirini kwa kunisikia mimi, maana ina hatari ya kutokwa damu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila familia yenye mgonjwa wa namna hii. Mchagueni mtu mmoja nyumbani, hata mjukuu anayesoma sekondari. Ajue dawa za babu kwa majina, ashike karatasi ya hospitali, ahesabu siku zilizobaki kabla vidonge havijaisha, na kifua kikibana tena ampeleke hospitali saa ileile. Mimi nilipokuwa na umri wake niliaminiwa kitambaa kibichi chenye vikonyo.