Kibarua Naye ni Mfanyakazi



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogondogo na wanakamati wa Haki na Amani,

Kwa miaka mingi mtu aliyesema ameajiriwa alieleweka kuwa yuko serikalini au katika shirika la umma. Leo vijana wetu wengi wanatafuta ajira kwa watu na makampuni binafsi. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Na huyo wa mwisho ulikoma kuzalisha mwaka 2021. Hata hivyo, wengi wanaotoka vijijini mwetu hawapiti katika malango hayo. Wapo kwa wakandarasi wa ulinzi, chakula na usafirishaji. Wapo kwenye maduara, makarasha na mialo. Huko huitwa vibarua, nao wamekwisha kuamini kwamba jina hilo limewaondolea haki.

Sivyo ilivyo. Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi. Kifungu cha 61 cha hii ya pili hakitazami jina, bali hali yenyewe. Je, mwingine ndiye anayeamua saa zako na namna ya kufanya kazi? Je, anakupa vifaa? Je, unamtegemea yeye kwa riziki yako? Dalili moja tu ikionekana, unahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Swali gumu ni la duarani, ambako ujira ni mgao wa mifuko ya mawe. Husemwa kwamba mchimbaji ni mbia. Na iwe hivyo. Lakini mbia huhesabu mifuko pamoja na mwenzake, na huonyeshwa gharama za chakula, baruti na pampu kabla hazijakatwa. Asiyeonyeshwa kitu ni mbia wa hasara peke yake. Wazee wa Kisukuma wanawakumbuka vijana waliolima kwa pamoja shamba la mtu: ujira wao ulijulikana.

Torati inamwamuru mwajiri amlipe kibarua kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake u katika ujira huo. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba yuko pia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani yule ambaye maamuzi yake huamua hali ya mfanyakazi asiyemwajiri mwenyewe. Basi kampuni inayompa mkandarasi zabuni kwa bei isiyotosha mishahara halali haiwezi kunawa mikono.

Tunawaomba wanakamati jambo lisilohitaji fedha. Msaidieni kibarua kuandika tarehe alizofanya kazi, jina la aliyemwagiza na kiasi alicholipwa. Anayeachishwa isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakimsubiri msimamizi aliyewaahidi kuwaita tena.

Na kwa kuwa parokia nayo ni mwajiri, Halmashauri ya Walei imuulize mlinzi wetu, na mpishi wa nyumba ya mapadre, kama wanayo maandishi yanayotaja kazi yao, ujira wao na likizo yao ya siku 28 kwa mwaka.