Kiti, Kadi na Mpiga Kura

Mbunge wa Tanzania akihama chama, anaacha kiti. Ibara ya 71 ya Katiba inalisema hilo wazi: anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekoma, na jimbo linarudi kwenye uchaguzi mdogo. Kenya ilitangulia kuweka sharti la namna hii. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akatoka chama tawala cha KANU na kuongoza chama cha upinzani cha KPU. Wabunge waliomfuata walikuta Katiba imebadilishwa haraka, ikiwataka warudi kwa wananchi kuomba kura upya. Juni mwaka huo viti 29 viligombewa, KPU ikapata 9. Odinga alirudishwa na watu wa Bondo. Bildad Kaggia, aliyeshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, akaangushwa Kandara.

Sharti hilo lina haki ndani yake, kwani kura si mali ya mbunge hata aibebe popote aendapo. Lakini linamkaba pia mwenye ugomvi wa kweli na viongozi wake, na Tanzania linamkaba zaidi kwa sababu hakuna mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya 1990, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikampa ushindi. Sheria ilibaki ilivyokuwa. Hivyo anayeondoka hana budi kubisha hodi kwenye chama kingine, hata kama hakiamini.

Wapiga kura hawana jibu moja kwa wahamaji. Wanachopima kwanza ni kama mwanasiasa ameondoka nao au amewaacha.

Zanzibar inaonyesha hilo vizuri. Machi 18, 2019, Mahakama Kuu ilipomtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa chama cha CUF, mpinzani wake ndani ya chama hicho, Maalim Seif Sharif Hamad, alitangaza siku hiyohiyo kuhamia ACT-Wazalendo. Wito ulikuwa wa kibaharia: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Unguja na Pemba bendera zilishushwa na ofisi zikapakwa rangi mpya. Seif hakuwa na kiti cha kupoteza; baadhi ya wabunge waliokuwa naye kwa moyo walilazimika kubaki CUF hadi muhula ulipokaribia kwisha. Katika uchaguzi wa 2020 ACT-Wazalendo ndiyo iliyokuwa ya pili Zanzibar, na CUF iliyotawala siasa za Pemba kwa zaidi ya miaka 20 ikafifia. Watu walikuwa wamehama na kiongozi wao, kwa kuwa madai yao yalihama naye.

Bara, ufuasi wa namna hiyo haukudumu. Augustine Mrema alitoka CCM mwaka 1995, na kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akapata karibu asilimia 28 ya kura za urais. Alipohama tena kwenda TLP, kura zake za mwaka 2000 hazikufika asilimia 8. Edward Lowassa, baada ya jina lake kukatwa Dodoma katika mchujo wa wagombea urais wa CCM, aliingia CHADEMA Julai 2015 na kupata kura zaidi ya milioni 6, takriban asilimia 40. Machi 2019 alirejea CCM. Hakukuwa na umati wa kurudi naye. Wengi wa waliompa kura walikuwa wanataka mabadiliko, na yeye alikuwa njia tu.

Jeraha kubwa zaidi ni la 2017 na 2018, wakati wapinzani walipojiuzulu mmoja baada ya mwingine kwa maelezo ya kuunga mkono juhudi za Rais John Magufuli. Maulid Mtulia wa Kinondoni, kutoka CUF, na Godwin Mollel wa Siha, kutoka CHADEMA, waliacha ubunge Desemba 2017. Februari 17, 2018 sura zilezile zilikuwa kwenye karatasi za kura, sasa kwa CCM, na wote wawili wakatangazwa washindi. Hapo sharti la Katiba lilipoteza maana yake: kiti kiliachwa ili kichukuliwe tena na aliyekiacha, kwa gharama ya umma. Siku moja kabla ya kura, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, wakati polisi wakitawanya maandamano ya wafuasi wa upinzani. Waliojitokeza kupiga kura katika jimbo hilo hawakufika hata theluthi moja ya walioandikishwa. Kubaki nyumbani nako ni jibu, ingawa hakuna fomu ya matokeo inayolihesabu.

Kufikia mwisho wa mwaka huo hata jibu hilo liliondolewa. Babati Mjini, Simanjiro na Ukerewe, wabunge waliokuwa wamehama walirudishiwa viti bila kupingwa. Watu wa majimbo hayo hawakuulizwa.