Sambaza za Utotoni



Mtoto wa Nkanka, hata akikaa Kigali miaka mingi na kula vinono vya mjini, moyo wake huzirudia sambaza za Ziwa Kivu: zimekaangwa hadi zikakauka, zikawekwa kando ya ugali wa muhogo, zikaliwa nzima, kichwa na mkia. Humwambia mwenziwe, "Hiki ndicho chakula cha mababu."

Lakini mababu hawakukionja. Sambaza ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliotiwa katika Kivu mwaka 1959. Basi utamu huo uitwao urithi ni amana iliyowekwa juzi tu.

Na amana isipolindwa hupotea. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazae. Mvuvi atupaye wavu wa macho madogo katika usiku wa katazo huishibisha nyumba yake leo, akamnyima mjukuu wake kesho.

Kwa hiyo, mwenye hamu ya chakula cha utotoni na asubiri. Subira yake ndiyo itakayompa mtoto mwingine ladha ya kukumbuka uzeeni.