Njaa Penye Ghala Lililojaa

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Katonga na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mwalimu wa darasa, tafadhali sogeza redio karibu na wanafunzi. Wenye madaftari wayafungue. Leo tutajifunza maneno manne: hisa, benki, mdororo na akiba. Tutayajifunza kwa kueleza habari za watu wa Marekani, miaka ya 1930, walipopatwa na taabu kubwa ya fedha. Taabu hiyo haikuishia kwao. Ilifika mpaka huku kwetu Kigoma.

Jina la Marekani ni la zamani hapa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilileta Ujiji nguo nyeupe ya pamba iitwayo merikani. Nguo hiyo ilishonwa, tena ilitumika kama fedha: mtu aliweza kupimiwa mikono kadhaa ya merikani akatoa pembe au chakula. Iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Unguja na meli za Wamarekani. Basi mtu wa Ujiji alipoisikia nchi hiyo, alifikiri mali. Lakini miaka ya 1930 akina mama wengi katika nchi hiyo waliwashonea watoto wao nguo za magunia ya unga. Imekuwaje?

Tuanze na neno la kwanza, hisa. Tuseme watu 10 wa Katonga wamechanga fedha wakanunua chombo kimoja na wavu wake. Kila mmoja ana sehemu moja katika 10. Sehemu hiyo ndiyo hisa. Chombo kikipata dagaa, kila mwenye hisa hupata fungu lake. Hakuna ubaya hapo. Lakini miaka ya 1920 huko New York watu wengi walinunua hisa za viwanda kwa fedha za kukopa, na bei ikapanda kila siku. Ilikuwa kama kununua sehemu moja ya chombo kwa bei ya vyombo vitatu, kwa kuamini tu kwamba kesho atatokea mtu wa kuinunua kwa bei ya vyombo vinne. Mwezi wa Oktoba 1929, tarehe 24 na tena tarehe 29, watu walishikwa na hofu. Wote walitaka kuuza, na wanunuzi hawakuonekana. Bei ikaanguka. Mali ya watu ikayeyuka, lakini deni likabaki palepale.

Neno la pili ni benki. Ukiweka fedha benki, haifungii noti zako sandukuni. Huweka sehemu ndogo tu, na nyingine huwakopesha watu wengine. Mambo huenda vizuri siku zote ambazo wateja hawaji kwa pamoja. Lakini uvumi ukienea kwamba benki haina kitu, wote huja asubuhi moja, na hapo hata benki nzima huanguka. Marekani, kati ya 1930 na 1933, benki zipatazo 9,000 zilianguka. Mkulima aliyeweka akiba kwa miaka 20 alikuta mlango umefungwa.

Neno la tatu ni mdororo. Kudorora ni kupoa, kuzidi kwenda chini. Tazameni ulivyokwenda. Mtu aliyepoteza fedha hakununua viatu. Fundi wa viatu akafukuzwa kazi. Fundi naye hakununua nyama, na mfugaji akakosa wanunuzi. Kila aliyeanguka alimvuta mwenzake. Ilipofika mwaka 1933, katika kila wafanya kazi wanne wa Marekani, mmoja hakuwa na kazi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Chakula hakikukosekana. Ninyi wa Katonga mwalijua hili: giza likiwa zuri na vyombo vyote vikija vimejaa, huku wachuuzi hawana fedha, bei ya dagaa huanguka mpaka mvuvi hapati hata ya mafuta. Ndivyo ilivyokuwa. Wafugaji wengine walimwaga maziwa barabarani, kwa sababu bei haikutosha hata gharama zao, na walitaka ipande. Mwaka 1933 serikali iliagiza nguruwe wapatao milioni 6 wachinjwe ili bei ipande. Na mjini watu walipanga foleni ndefu kungojea mkate wa bure na bakuli la supu. Njaa ilikaa penye ghala lililojaa. Kilichokatika ni kamba inayomwunganisha mwenye chakula na mwenye njaa, yaani ujira.

Waliofukuzwa katika nyumba walijenga vibanda vya mbao na mabati mabovu pembeni mwa miji. Vijiji hivyo waliviita kwa jina la Rais wao, Herbert Hoover, kwa kumlaumu. Katika majimbo ya Kansas na Oklahoma ukame na upepo vilipeperusha udongo wa mashamba, na jamaa nyingi zikapakia magodoro juu ya magari, zikaenda California kuchuma matunda kwa ujira mdogo. Watu weusi waliumia zaidi. Mara nyingi wao walikuwa wa kwanza kufukuzwa na wa mwisho kuajiriwa.

Taabu hiyo ilifikaje Kigoma? Ilikuja kwa njia ya kamba, na hii ni kamba ya kweli. Zamani hizo vijana wengi wa Buha, kutoka Kasulu, Kibondo na kandokando ya ziwa, walikwenda mbali kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba. Mkonge husokotwa kamba, na kamba nyingi zilitumika kufungia miganda ya ngano katika nchi za ng'ambo. Ngano ilipokosa bei, mkulima wa ng'ambo hakuwa na fedha za kununulia kamba. Bei ya mkonge ikaanguka chini ya nusu. Wenye mashamba wakapunguza watu na kukata mishahara. Lakini kodi ya serikali ya kikoloni haikupungua njaa yake. Asiyekuwa na fedha aliweza kulazimika kuilipa kwa jasho, katika kazi za barabara. Kijana wa Buha hakuijua New York, wala hakununua hisa hata moja, lakini alilipa. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Wamarekani walifanya nini? Kwanza wengi walisema, "Asiye na kazi ni mvivu." Neno hilo liliwaumiza watu, wakaona haya hata mbele ya watoto wao. Lakini mmoja katika wanne hawezi kuwa mvivu ghafula kwa mwaka mmoja! Machi 1933 Rais mpya, Franklin Roosevelt, alizifunga benki zote kwa siku chache ili zikaguliwe. Tarehe 12 Machi alisema na watu kwa redio, kwa maneno mepesi, akawaeleza benki inavyofanya kazi. Benki zilipofunguliwa, wengi walirudisha fedha zao. Mwaka huohuo ikatoka sheria ya kulinda fedha za wateja wadogo benki ikianguka. Vijana walipewa kazi ya kupanda miti na kutengeneza njia. Mwaka 1935 ikatoka sheria ya malipo ya wazee na ya waliopoteza kazi.

Tusifu kwa kipimo. Sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, na wengi wa watu weusi walikuwa katika kazi hizo. Wala ukosefu wa kazi haukwisha mpaka viwanda vilipoanza kufanya kazi ya vita vya pili vya dunia.

Tuje kwetu, na neno la nne, akiba. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mvuvi hodari na mvuvi mlegevu, wote walitia nanga siku moja. Mama anayeanika dagaa mchangani, mchukuzi, muuza chai wa mwaloni, wote waliguswa. Taabu ya namna hiyo haiondolewi na bidii ya mtu mmoja, wala si haki kumcheka aliyepatwa nayo. Inataka matengenezo ya pamoja, nayo yafanywe kabla: chama cha akiba chenye daftari lililo wazi kwa kila mwanachama, shamba dogo la muhogo au michikichi mbali na ziwa, na mtu wa kukagua hesabu asiye mtunza fedha. Ndiyo sababu twajifunza kusoma. Mtu asiyeweza kulisoma daftari la akiba yake yu katika hali ya yule mkulima aliyekuta mlango wa benki umefungwa.

Sasa zimeni redio, mzungumze. Mwalimu ataandika majibu ubaoni.

1. Kwa nini watu walikuwa na njaa na huku maziwa yanamwagwa?
2. Bei ya ngano ya ng'ambo ilimpataje kijana wa Buha?
3. Sheria ya 1935 iliwaacha nani nje? Je, chama chetu cha akiba kinamwacha nani nje?
4. Ziwa likifungwa tena, darasa hili litakuwa limeweka nini?

Kisha kila mtu aandike mara tatu daftarini: Akiba huwekwa siku ya samaki wengi.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.