MWALIMU WA KWANZA WA MTOTO



Baadhi ya wazazi huuliza: "Padri, darasa la shule ya Serikali limejaa hata mwalimu hayajui majina ya watoto. Je, ni dhambi kumtoa mwanangu na kumfundisha mwenyewe nyumbani?"

Jibu: Si dhambi. Mungu aliwakabidhi baba na mama mtoto huyo kabla Serikali haijaandika jina lake kitabuni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inakiri haki ya wazazi ya kuchagua namna ya malezi. Lakini sikilizeni vema: kifungu hicho hicho chasema elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za umma. Basi, achaguaye nyumba amechagua kazi ya ualimu, wala hakuchagua pumziko.

Wazee wanakumbuka mwisho wa mwaka 1974, Serikali ya Mobutu ilipozitwaa shule za misioni na kuliondoa somo la dini. Mafundisho yakahamia parokiani, katika jumuiya ndogo na majumbani. Mwezi wa Februari 1977 Serikali ikapatana na Eklezya, nayo ikarudishiwa uongozi wa shule zake. Katika miaka ile wazazi wengi hawakuwatoa watoto shuleni. Asubuhi mtoto alijifunza hesabu darasani; jioni alijifunza sala kwa mama yake.

Iko pia shule ya nyumbani ya uongo, nami naiogopa kuliko darasa lililojaa. Baba asema, "Mwanangu anasomea nyumbani," kumbe alfajiri mtoto yuko mtoni anaosha mawe ya shaba na kobalti, mgongo umeinama kama wa mzee. Au binti anabaki kulea wadogo zake, na kitabu hakionekani kamwe. Huyo hafundishwi, ananyang'anywa.

Tena, mzazi ajipime. Je, wewe waweza kusoma Kifaransa cha vitabu vya darasa la sita? Waweza kueleza sehemu za hesabu? Ni kweli, Mtihani wa Serikali hupokea hata waliojisomea wenyewe, lakini njia hiyo ni ndefu, nayo hudai vitabu na saa za kila siku. Mwenye uwezo huo na aanze, bila aibu. Kwa wazazi wengi wa vijijini, mimi ningeshauri mtoto aende shule, baba aingie katika kamati ya wazazi aseme juu ya wingi wa watoto, na jioni nyumba iwe darasa la pili. Yezu mwenyewe alilelewa na Maria na Yosefu kule Nazareti. Walakini, alipokuwa na miaka 12, alionekana hekaluni, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza.

Kabla ya somo lijalo, kila mzazi amketishe mtoto wake karibu na taa, amwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti. Asiyejua kusoma na asikilize tu, kisha aulize: "Maana yake nini, mwanangu?"