Kesi ya Ushuru Ikirudishwa: Mipaka ya Afisa



Chukulieni mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi. Ametozwa ushuru kwa pesa zote zilizoingia benki, zikiwemo za mkopo na za chama. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa siku 30 kuwasilisha pingamizi, akiwa amelipa sehemu asiyoipinga. Kamishna ana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Likikataliwa, ana siku 30 kwenda kwa Jopo la Rufaa za Ushuru.

Jopo laweza kuthibitisha uamuzi, kuubadilisha au kuutupilia mbali. Laweza pia kuirudisha kesi kwa Kamishna ikaangaliwe upya kulingana na maagizo ya Jopo. Hapo wengi huvunjika moyo wakidhani wamerudi mwanzo. Sivyo. Jopo likiagiza pesa za mkopo zitengwe na mauzo, afisa hana ruhusa ya kuzihesabu tena kama mauzo. Asiyeridhika na uamuzi wa Jopo, awe Kamishna au mfanyabiashara, hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30.

Lakini kesi kurudishwa si kusamehewa ushuru. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipa ushuru. Bila barua ya mkopo na daftari la chama, agizo hilo halitamfaa. Basi hifadhini stakabadhi zenu kwa miaka 5.