Afya yetu Jumamosi na Jumapili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa chama, Baraka, na kuandikwa kwa ajili ya gazeti letu)



Niliombwa niseme juu ya usafi na afya. Mafundisho hayo mmeisha kuyasikia mpaka masikio yamechoka. Tangu Lugufu na Nyarugusu watu wa afya walikuwa wakipita mlango kwa mlango. Sitarudia kwamba mikono inaoshwa kwa sabuni, mnajua. Leo nataka tuseme juu ya siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, ao siku ya posho na siku ya Mungu kama wanavyosema ndugu zetu wengi waliobaki huku wakati sisi tulipokimbia.

Kazi yangu inanipitisha katika nyumba nyingi. Siku za kazi, mambo si mabaya sana. Mama anachota maji ziwani, anapita kwa mtu wa klori, anatiliwa dawa ndani ya bidoni, anasubiri nusu saa mbele ya kunywa. Watoto wako shuleni, na shule nyingine zina bidoni yenye robine ya kunawia. Halafu Jumamosi mchana mtu wa klori anaenda kwake. Shule imefungwa. Na ndipo sasa watu wanakusanyika: arusi, matanga, ibada, mpira, soko. Siku tunazokutana wengi ndizo siku hakuna anayeangalia maji.

Kuna wanaosema ni uvivu wa watu wetu. Mimi sikubali. Kambini maji yalitiwa dawa na mashirika kabla hayajafika kwenye robine, na aliyekunywa Jumapili alikunywa sawa na wa Jumatatu. Tangu mashua za kwanza za kurudisha wakimbizi zilipotoka Kigoma kuja hapa Baraka mwaka 2005, tumepata mashamba yetu na nyumba zetu, asante kwa Mungu, lakini yale maji ya kambi hayakupanda mashua pamoja nasi. Kazi iliyofanywa na shirika kila siku sasa iko juu ya kichwa cha mama mmoja, na Jumapili huyo mama yuko kanisani tangu asubuhi.

Mniruhusu nikae kidogo kwenye matanga, kwa sababu hapo ndipo naona hatari kubwa, na hapo ndipo chama chetu kina mkono.

Mnajua tunavyofanya. Mtu anakufa Ijumaa, Jumamosi watu wanajaa uani. Chakula kinapikwa na wengi. Mbele ya kula, beseni moja linapita. Wa kwanza ananawa maji safi. Wa ishirini ananawa uchafu wa watu kumi na tisa, kisha anatia mkono kwenye ugali. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo, kikombe kimoja kimetumbukizwa na mikono yote. Hakuna anayeuliza maji yametoka wapi, maana kuuliza mahali pa kilio ni kama kumtukana mwenye msiba.

Sasa fikirieni kolera, ile tuliyozoea kuita kipindupindu. Katika maeneo yetu ya kandokando ya ziwa, Uvira mpaka Fizi, haiji kama mgeni ikarudi kwao. Ina makao hapa. Mtu akiisha kuimeza, inaweza kumwangusha baada ya saa chache, ao ikangoja mpaka siku 5. Aliyekula matanga Jumamosi anaweza kuanza kuhara Jumatano, nyumbani kwake, mbali, na hakuna anayekumbuka ile ndoo. Wanatafuta mchawi. Tena kuna anayeibeba bila kuumwa kabisa, naye choo chake kinaambukiza wengine kwa siku kadhaa. Na kama marehemu mwenyewe alikufa kwa kolera, mwili wake bado unaambukiza: kuosha maiti na kupika chakula isiwe kazi ya mikono ileile, na kwanza watu wa afya waitwe.

Dawa ya mambo haya si kuacha kulia pamoja. Kilio ndicho kilichotushika kuwa watu wamoja miaka yote ile ng'ambo. Ni kubadilisha beseni. Bidoni yenye robine, ao hata kijana mmoja mwenye jagi anayemwagia kila mtu maji yanayoanguka chini. Sabuni, na ikikosekana, majivu. Kikombe chenye mkono mrefu wa kutekea. Na maji yatiliwe klori kufuata maandishi ya kwenye pakiti. Yakiwa na matope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Hakuna klori? Yachemshwe mpaka yatokote sawasawa.

Nyumbani, siri ni Ijumaa. Maji ya siku mbili yatengenezwe Ijumaa jioni, bidoni zifungwe vizuri. Mtoto akihara Jumapili, msingoje Jumatatu: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Anywe kidogo kidogo huku mkielekea kwenye kituo cha afya. Kama kuhara ni maji matupu, mwendo uwe wa haraka, usiku ao mchana.

Jambo la dawa nalo. Vidonge vya malaria vya siku 3 vikianza Ijumaa vinaisha Jumapili. Jumamosi homa imeshuka, mtoto anacheza, mama anaweka vilivyobaki kwa ajili ya mwingine. Hapana. Vimalizwe. Na wale wa dawa za kila siku, za kifua kikuu, za virusi, za damu kupanda: ukitaka kuingia maombi ya kufunga, sema kwanza na muganga, usikate dawa peke yako.

Juu ya kanyanga nitasema neno moja, kwa sababu wababa wameanza kutazama chini: fedha ya sabuni iko ndani ya ile chupa. Na mama aliyelima siku tano apumzike Jumapili. Nasema apumzike kweli, kijana wa kiume akachote maji. Mmecheka, lakini hiyo nayo ni afya.

Nafika kwenye ombi langu. Mwanachama akifiwa, mfuko wetu unasaidia jeneza na chakula. Naomba tuongeze kifurushi cha maji: bidoni mbili zenye robine, ambazo ni mali ya chama na zinarudishwa, pamoja na sabuni na klori ya siku tatu. Kwa kila mtaa vijana wawili wawe na zamu ya kuzipeleka Ijumaa ao siku yoyote kifo kinapotokea, na mmoja wao abaki pale na jagi. Tena tuongee na mtu wa klori kama anaweza kupata mwenzake wa Jumapili. Kuna wanaoogopa kwamba chakula cha msiba kitapungua. Ni neno la haki, lisemwe wazi. Mhazini ameisha kuuliza bei sokoni, anayo karatasi. Nawaomba asome, kisha wafiwa wa mwaka huu waongee kwanza, mbele ya sisi wengine kuinua mikono.